Mwiko wa inchi 4, misimu mitatu shimoni: nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi

Haya jamani, nimeulizwa mara nyingi sana huu mwiko wangu vipi, unafaa au haufai, mtu anayeanza kazi ya kuchimba akiolojia anunue upi, na kila mara najibu kwa kifupi halafu najuta manake jibu lenyewe si fupi. Leo naandika yote. Mwenye haraka ashuke mpaka chini.

Kwanza tuelewane ni mwiko gani. Si wa jikoni, na si ule mpana wa fundi wa kupigia lipu. Ni ule mdogo wa mwashi, umechongoka mbele, wa kujazia saruji kwenye viungo vya matofali, bapa lake inchi 4 yaani kama sentimita 10 hivi. Ulitengenezwa kwa ajili ya mafundi ujenzi, sisi wachimbaji tumeudandia tu. Waingereza wanaapia chapa ya WHS, Wamarekani wanaapia Marshalltown, kampuni iliyoanza 1890 kwenye mji wa jina hilohilo huko Iowa, na hao wawili ukiwaweka kwenye trenchi moja utasikia ubishi kama wa timu za mpira. Chapa ya wangu siitaji, sitaki ubishi huo uhamie hapa. Kitu cha kuangalia ni kimoja: bapa na shingo viwe chuma kimoja kilichofuliwa, isiwe bapa limechomelewa kwenye shingo.

Hilo nimelijua kwa kulipia. Wa kwanza kununua ulikuwa wa kuchomelea, unang'aa, mpini mzuri wa kushika, nikajiona mjanja nimebana matumizi. Siku ya pili nimekutana na jiwe limekaa vibaya, nikauingiza chini nikabinua kidogo tu, tap, shingo hiyo. Nimebaki na mpini mkononi kama mtu aliyekatikiwa usukani. Ndo nikanunua huu.

Sasa kazi yenyewe. Watu wa nje wanadhani tunashinda tunachimba, yaani chini chini chini mpaka tukute kitu. Ukweli ni kwamba muda mwingi tunakwangua. Asubuhi mnatoa turubai, kama kuna maji mnayakausha kwa sponji na ndoo, halafu mnapiga magoti mstari mmoja mnaanza kukwangua uso wa udongo, unauvuta mwiko kuja kwako kwa ule ukingo wa pembeni (sio kwa ncha, ncha inachora mifereji), huku unarudi nyuma nyuma ili usikanyage ulipokwisha safisha, na unachotoa ni milimita chache tu. Mkimaliza mnasimama mnaangalia. Hapo ndo kazi inapoanza, kwenye kuangalia, manake udongo uliosafishwa vizuri una kama nusu saa ya kusema ukweli, ukishakauka rangi zote zinakuwa moja, ya vumbi. Hapo inabidi uchukue ile chupa ya kupulizia maji ya maua, upulizie, rangi zirudi, na mtu wa kamera awe karibu.

Kwenye hatua hii mwiko huu sina cha kuulaumu. Bapa halipindi, ukingo unakaa mkali, ukivuta unaacha uso kama umenyolewa. Niliwahi kuazima wa mwenzangu, bapa lake jembamba linacheza, kila ukikutana na kokoto linaruka na kuacha kovu, unajikuta unasafisha makovu yako mwenyewe. Wangu ukikutana na kokoto unakwambia, mkono unasikia, unapunguza.

Na hapa ndo niseme kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi la bidhaa. Mwiko mzuri unasikika. Udongo wa mfinyanzi unatoa sauti ya siagi kama siagi ingekuwa na sauti, kichanga kinasaga, udongo wenye mkaa una kakelele kama ka kutafuna. Mkono na sikio vinajua tabaka limebadilika kabla ya macho. Chuma laini chenye ribiti (msumari wa kuungia bapa na mpini) inayocheza hakikupi hiyo, kinakupa mlio wake chenyewe.

Siku moja nimesimama katikati ya kukwangua, nimeganda. Supavaiza wetu, mama mmoja ambaye goti lake lina uzoefu kuliko kichwa changu, akanipigia kelele kutoka upande wa pili:

"We kijana, mbona umesimama?"

"Sauti imebadilika, mama."

"Imebadilika au umechoka?"

"Imebadilika."

"Haya usiguse, nakuja."

Akaja, akachukua mwiko wake, akapiga mikwaruzo mitatu minne upande huu wa pale nilipoishia na mitatu upande wa pili, akasikiliza. Akasema hapa ni sakafu, udongo umekanyagwa, umeshindiliwa. Mimi ningepitiliza kama sentimita mbili hivi na sakafu yote ya eneo langu ingeenda kwenye toroli, na toroli haina rivasi. Kwa siku hiyo peke yake mwiko umelipa gharama yake yote. Hiyo ndo nyota ya kwanza na ya pili na kiukweli hata ya tatu.

Manake uamuzi mkubwa kwenye hii kazi ni kusimama. Kuendelea kila mtu anajua. Unaamua usimame wapi, tabaka hili limeisha au ni doa tu, hili ni shimo lililochimbwa na mtu au fuko alipita, huu weusi ni mkaa au mzizi uliooza, na unaamua hayo mara arobaini kwa siku ukiwa umepiga magoti jua limekukalia mgongoni. Ukikosea huwezi kurudisha. Ndo maana nampenda sana Basil Brown, mchimbaji aliyefukua merikebu ya kale iliyozikwa Sutton Hoo kule Uingereza, mwaka 1939. Mbao za merikebu zilikuwa zimeoza zote, zimebaki ribiti za chuma zilizounganisha mbao na alama kwenye mchanga, basi. Ribiti zilipoanza kutokea akatambua hizi ni za chombo, akawa anaziacha palepale zilipo na kuzifuata safu kwa safu, mpaka umbo la merikebu ya mita 27 likatokea kwenye mchanga bila ubao hata mmoja. Mtu mwenye pupa angerudi nyumbani na ndoo ya vyuma vyenye kutu na hadithi ya kwamba hakukuwa na kitu.

Turudi kwenye mwiko. Kwa mashimo ya nguzo ndo mahali pake hasa. Shimo la nguzo kwa asiyelijua ni doa tu la duara, nguzo ilisimama hapo ikaoza au ikang'olewa, udongo mwingine ukaingia. Huchimbi lote. Unapitisha kamba katikati, unachimba nusu moja, ile nusu nyingine inabaki imesimama kama keki iliyokatwa, unaona ubavuni jinsi lilivyojaa. Unapiga picha, unachora kwa skeli ya 1:10, unasoma rangi kwenye kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi za udongo vya kulinganishia (10YR 3/2 kwetu ni kama salamu, kahawia ya kijivu iliyokolea sana), ndo unachukua nusu iliyobaki. Kwenye shimo la upana wa kiganja na nusu mwiko wa inchi 5 au 6 unageukaje? Haugeuki. Wa inchi 4 unageuka, ncha inafika kwenye kona, shingo inakaa juu ya kifundo cha mkono vizuri. Wanaosema chukua mkubwa kwa sababu unafanya kazi haraka, sawa, lakini haraka ya kwenda wapi.

Sasa hiyo nyota ya tano.

Msimu wa pili nilipewa madoa mawili yaliyogusana, moja kubwa, moja dogo limejibana ubavuni mwake. Swali la hapo ni lilelile siku zote, lipi limekata lipi? La mwisho kuchimbwa enzi hizo ndo unaanza nalo wewe leo, unarudi kinyumenyume, ukianza na la zamani utachanganya vitu vya nyakati mbili na hutajua. Nikakwangua, nikapulizia maji, nikaangalia, jua la asubuhi limelala vizuri, nikaona mstari. Dogo limekata kubwa. Nikaona kabisa. Nikamuuliza jirani yangu, kaka unaona mstari hapa? akasema naona (baadaye alikiri aliona kwa sababu nimemwonyesha kidole).

Basi nikaanza dogo, nusu, kama nilivyofundishwa. Na mwiko wangu huu ninaousifia hapa ukafanya kazi safi mno, ukafuata ule mstari kwenda chini, umesimama wima, laini, umepinda kidogo kwenye kitako kama bakuli. Shimo zuri kuliko yote niliyowahi kuchimba. Nikalipa namba ya konteksti (ndivyo tunavyoita kila tukio moja shimoni), mkato yaani shimo lenyewe namba yake, kijazo yaani udongo uliolijaza namba yake, fomu nimejaza mpaka kwenye pembezo, nikaokota vipande vya mkaa kwa koleo ndogo bila kuvigusa na vidole, nikavifunga kwenye foili kwa ajili ya kupima umri. Nililala vizuri usiku ule.

Kesho yake mama akaja, akachuchumaa, akakaa kimya muda mrefu. Halafu:

"Huu ukingo umeukuta au umeutengeneza?"

Nikasema nimeukuta.

Akachukua chupa ya maji akapulizia ule ukuta wangu mzuri. Weusi ukaendelea. Udongo uleule, chembe zilezile za mkaa, upande wa ndani na upande wa nje, umevuka mstari wangu kama haupo. Akanionyesha na kitu kingine ambacho sasa nakitafuta kila siku: ukingo wa kweli mara nyingi kijazo kinabanduka chenyewe, kinaachia, na nyuma yake unakuta uso uliokuwepo. Wangu ulikuwa na alama za mwiko juu mpaka chini. Nimeuchonga. Nimechonga shimo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulichimba isipokuwa mimi, jana, saa nne asubuhi.

Unaona tatizo. Mwiko butu ungeniambia, ungekwama, ungeniudhi, ningesimama. Huu ni mkali na msikivu, unakwenda unakotaka wewe, na kama wewe umeshaamua moyoni kuna ukingo basi utapata ukingo, tena wa kupigia picha. Chuma kinachokusaidia kusikia udongo ndicho kinachokusaidia kutousikia. Najua mtasema hilo ni kosa la mtumiaji, ni kweli, ila mimi natathmini kitu nilivyokitumia na siwezi kumwambia mtu anayeanza kwamba hakina hatari.

Kilichoniokoa ni nusu ile ambayo nilikuwa bado sijaigusa. Tukakata upya, safari hii mstari mmoja unaopita madoa yote mawili kwa pamoja, tukashuka taratibu, na kwenye ubavu ikaonekana wazi kwamba kubwa ndo limekata dogo, na dogo lenyewe limebaki kipande tu chini ya pale nilipokuwa nimesimamia. Kwenye matriksi ya Harris (ule mchoro wa visanduku na mistari aliobuni Edward Harris mwaka 1973, unaoonyesha kipi kilitangulia kipi) ikabidi visanduku viwili vibadilishane nafasi na vingine vitano vilivyoning'inia chini yake vihame navyo. Kwenye karatasi ni kufuta na kuandika. Ila ule mkaa wangu wa kwenye foili ukaandikwa mchanganyiko na hautapimwa. Ukiufikiria ni jambo la kutisha kidogo, manake maabara ingeupima vizuri tu, kaboni 14 iliyomo kwenye mkaa, ambayo ndiyo wanapimia umri, inapungua nusu kila miaka 5730 haijali mimi nimekosea, wangeturudishia namba safi kabisa na kiwango chake cha makosa, jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Halafu mtu angekuja kuiweka kwenye ripoti.

Tangu hapo nina mazoea mapya. Nikiona mstari mzuri sana nauacha nakwenda kunywa maji, nikirudi nauangalia kutoka upande mwingine, na simwonyeshi mtu kidole, namuuliza tu "hapa unaona nini". Nikianza kushuka na ukingo, kila baada ya muda napiga mkwaruzo mmoja makusudi nje ya mstari, kuhakikisha huko nje kweli ni udongo mwingine. Na kwenye fomu pale pa ukingo, kama sina uhakika, naandika sina uhakika. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kuandika hivyo.

Mengine ya haraka haraka. Mfinyanzi uliolowa: mwiko huu unapaka, badala ya kukwangua unasambaza matope kama unapiga plasta, madoa yote yanafunikwa, usijaribu, subiri ukauke kidogo. Udongo mkavu uliopigwa jua mpaka umekuwa tofali: unaruka juu juu, mkono unauma, lowesha jioni funika na turubai kesho utakuta umelegea. Mifupa: weka mwiko chini kabisa. Chuma kinaacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo mtu wa mifupa anaweza kuisoma kama alama za kisu cha mchinjaji wa kale. Tumia vijiti vya mianzi na brashi laini. Na usidhani mwiko ndo wa kila mahali, tabaka la juu lililokwisha vurugwa na majembe watu wanaliondoa na mashine yenye ndoo isiyo na meno, kisha sururu na koleo, na mtu anayekwangua tabaka hilo kwa mwiko ili aonekane makini anakula muda wa mashimo yatakayotokea wiki ya mwisho, wakati kila mtu anakimbizana na mvua na hakuna anayeamua vizuri. Kuchagua kifaa nako ni uamuzi, umakini wenyewe unagawanywa kama mafuta, ukimwaga wote mwanzoni utamalizia kwa miguu.

Matunzo: mwiko ukitoka dukani unakuja na kingo butu, mafundi ujenzi hawahitaji makali. Piga tupa upande mmoja tu, pembe ndogo, na ile ncha ya mbele iondoe ukali kidogo la sivyo utatoboa kila kitu. Mpini wa mbao unashika vizuri kuliko plastiki ukiwa na jasho, ila unapasuka ukiuacha juani na maji, upake mafuta. Kutu ni ya kufuta tu kila jioni. Na mpini upake rangi inayopiga kelele, chungwa au waridi. Mimi wangu ulikuwa kahawia, rangi ya udongo, nikaupoteza ukaenda na ndoo mpaka kwenye lundo la udongo tuliotoa, nimechekecha lundo lile siku nzima peke yangu huku wenzangu wananicheka. Pitt Rivers, mwanaakiolojia wa Uingereza, karne ya 19 alikuwa anaacha medali ndogo chini ya mashimo aliyomaliza ili wachimbaji wa baadaye wajue kuna mtu alishafika. Mimi nusura niwaachie mwiko.

Kwa hiyo: unaanza, chukua inchi 4, chuma kimoja, usinunue seti ya vifaa kumi kwenye mkoba wa ngozi, nusu yake hutaitoa. Kama mkono wako ni mkubwa sana jaribu inchi 5. Wa kuchomelea achana nao hata ukipewa bure.

Jana nimeupima kwa rula, bapa limebaki inchi tatu na robo, lililobaki limekwisha kwa tupa na kokoto. Mama supavaiza wake umebaki kama kijiko cha chai na mtu akimwambia anunue mpya anauficha mfukoni.